Kuuguza Mtoto Mwenye Saratani: Namna ya Kuishika Mkono Familia hadi Dozi ya Mwisho

Mtoto anapogundulika kuwa na saratani, swali la kwanza la ndugu na majirani huwa ni kama ugonjwa huo unapona. Unapona, na unapona mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 kati ya kila 100 wanaougua saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kimataifa wenye lengo la kuhakikisha kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau watoto 60 kati ya 100 wanapona. Pengo hili halisababishwi na uhaba wa dawa peke yake. Watoto wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, na wengine huanza matibabu vizuri kisha hawarudi: nauli imekwisha, mama ameitwa nyumbani kwa sababu ya mtoto mwingine au msimu wa kilimo, uvimbe umenywea na ukoo ukaamini kwamba mtoto amepona, au mtu mwenye sauti katika familia ameamua kwamba yafaa kujaribu kwingine.

Mimi ni muuguzi, na miaka niliyokaa katika wodi za watoto imenionyesha kwamba mtoto huokolewa na dawa pamoja na watu wanaomwezesha kuifuata dawa hiyo hadi mwisho. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya wazazi, lakini zaidi kwa ajili ya shangazi, wajomba, majirani, walimu na viongozi wa dini ambao wanataka kusaidia na hawajui waanzie wapi.

Siku ya majibu

Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana saratani husikia neno hilo moja, na mengi yanayofuata humpita. Kwa hiyo asiingie peke yake katika chumba cha daktari. Aingie na ndugu mtulivu mwenye daftari, ambaye kazi yake ni kuandika. Maswali yanayopaswa kupata majibu siku hiyo au siku inayofuata ni haya: ugonjwa unaitwaje hasa, umefika wapi mwilini, matibabu yatachukua muda gani, mtoto atalazwa mara ngapi, nini kitalipiwa na nini ni bure, na dalili gani zikitokea nyumbani zinamtaka mzazi aondoke saa ileile. Jina kamili la ugonjwa ni muhimu, kwa sababu saratani za watoto hazifanani. Limfoma ya Burkitt, ambayo huvimbisha taya au tumbo na ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliieleza kwa maandishi mwaka 1958, hukua kwa kasi kiasi kwamba uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Familia inayoomba wiki mbili za kurudi kijijini kuuza mbuzi haielewi kwamba wiki hizo mbili ni ndefu mno kwa ugonjwa huu. Matibabu yake, hata hivyo, huisha ndani ya miezi michache. Aina ya saratani ya damu inayowapata watoto zaidi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu, na familia yake inahitaji mpango wa namna nyingine kabisa.

Kasi hiyo ya Burkitt ina mtego wake. Uvimbe hujibu dawa upesi, na baada ya dozi ya kwanza au ya pili taya la mtoto hurudi kama lilivyokuwa. Hapo ndipo familia nyingi huacha. Waelezwe mapema, na wakumbushwe tena siku ya kuruhusiwa, kwamba uvimbe kutoonekana hakumaanishi kuwa chembe za saratani zimekwisha, na kwamba ugonjwa unaorudi baada ya matibabu kukatizwa huwa mgumu zaidi kuutibu.

Uamuzi unaowaumiza wazazi kuliko mingi niliyoishuhudia ni wa kuondoa jicho lenye saratani ya retina, ile ambayo dalili yake ya kwanza mara nyingi ni mng'ao mweupe katika mboni, hata katika picha iliyopigwa kwa simu. Mzazi hukataa, na sielewi kwa nini tushangae. Anaambiwa akubali mtoto wake wa miaka miwili atolewe jicho kwa ugonjwa ambao, kwa macho yake, haujampunguzia mtoto hata hamu ya kucheza. Maelezo ya daktari ni ya lazima, lakini mara nyingi hayatoshi. Mtafuteni mzazi mwingine aliyeyapitia hayo, aje na mtoto wake mwenye jicho la bandia, wakae pamoja hata nusu saa. Nimewaona wazazi waliokuwa wameshafunga mizigo wakiifungua baada ya mazungumzo kama hayo.

Siku hizohizo lawama huanza kutafuta mwenyewe. Mama huulizwa alikula nini akiwa mjamzito, upande wa baba huunyooshea kidole upande wa mama, na jina la jirani fulani huanza kutajwa kwa sauti ya chini. Mtu mzima anayeheshimika katika familia aseme waziwazi, mbele ya wote, kwamba saratani haiambukizi, kwamba watoto wengi wenye saratani hawakuipata kwa jambo lolote alilotenda au kuliacha mzazi, na kwamba maneno ya namna hiyo yakome. Mama anayelaumiwa hukaa wodini akiwa mpweke, na mama mpweke huchoka upesi.

Mtoto aambiwe nini

Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kumficha mtoto habari mbaya ndiyo huruma. Naiheshimu nia hiyo, lakini siikubali njia yake. Mtoto amemwona mama akilia karibu na mlango, ameona kitanda cha jirani kikitandikwa upya asubuhi, na amesikia simu zinazopokelewa nje. Asipoambiwa, hujitungia maelezo yake, na maelezo ya mtoto huwa ya kutisha kuliko ukweli wenyewe.

Sema kwa maneno machache na mepesi: «Una ugonjwa unaoitwa saratani. Umo ndani ya damu yako. Si malaria, ndiyo maana zile dawa za mwanzo hazikukusaidia. Dawa za hapa zina nguvu. Zitakufanya utapike na nywele zitatoka, lakini zitaota tena. Mimi nitakuwa nawe.» Kisha nyamaza, umwache aulize. Mtoto wa chini ya miaka mitano huogopa zaidi kuachwa, kwa hiyo usitoroke akiwa amelala. Muage, mwambie utarudi lini, na urudi. Yule wa miaka mitano hadi minane mara nyingi huamini kwamba anaadhibiwa, naye ahakikishiwe bila kusubiri aulize: «Hukuugua kwa sababu ulimpiga mdogo wako.» Kijana wa miaka kumi na minne anahitaji kuzungumza na daktari bila mzazi kumjibia kila swali, na anahitaji pazia wakati wa kuoshwa.

Yapo maneno yanayopaswa kufutwa kabisa. Usimwambie mtoto kwamba sindano haiumi, kwa maana baada ya sindano ya kwanza hatakuamini tena. Mwambie itauma kidogo, mkihesabu pamoja hadi kumi itakuwa imekwisha. Usimtishe kwa muuguzi au daktari ili ale au anyamaze. Na mtoto wa kitanda cha jirani akifariki, usiseme kwamba amelala au amesafiri, kwa sababu yeye mwenyewe atalala usiku huo, na wiki ijayo atasafiri. Sema amefariki, ugonjwa wake ulishinda dawa, tunahuzunika, na wewe unaendelea kutibiwa.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini mtoto anayechomwa kila siku anafaidika sana akiulizwa yale machache anayoweza kuamua: mkono upi uwekwe kanula, yaani mrija mdogo wa kupitishia dawa kwenye mshipa, anywe dawa kwa maji au kwa juisi, ashikwe na mama au akae mwenyewe. Asiulizwe kama anataka dawa, kwa sababu hilo si lake kuamua, na akikataa tutamdanganya au tutamlazimisha.

Familia, nauli na watu wa kupokezana

Methali hiyohiyo ya uji ina maana yake kamili tunapowageukia wazazi. Kumwambia mama «ukihitaji chochote niambie» ni kumwongezea kazi ya kufikiri na aibu ya kuomba. Leta uji. Maana yake ni kwamba ndugu mmoja ajitolee kufua nguo kila Jumamosi, mwingine alipe umeme wa nyumbani, mwingine alime shamba au asimamie genge, bila kuulizia.

Familia ikae kikao ndani ya wiki ya kwanza, na kikao hicho kitoke na majina. Nani atakaa wodini, na nani atampokea baada ya wiki mbili ili mama alale na akawaone watoto wengine? Nani anashika fedha na kutoa hesabu? Nani atapokea simu za ndugu ili mama asirudie habari ileile mara ishirini kwa siku? Michango hufurika mwezi wa kwanza na kukauka mwezi wa tatu, ilhali matibabu ndiyo kwanza yameshika kasi. Ni afadhali watu kumi waahidi kiasi kidogo kila mwezi hadi mwisho wa matibabu kuliko kuchanga mara moja kwa kishindo. Na fedha ya kwanza kutengwa iwe nauli. Familia inayotoka Kigoma husafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, na tarehe ya dozi haisubiri. Nauli ya kurudi hospitali iwekwe mikononi mwa mtunza fedha siku mtoto anaporuhusiwa, siyo itafutwe siku ya kuamkia safari.

Kabla ya kuuza shamba, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Yeye ndiye anayejua taratibu za msamaha wa gharama, bima inayofaa, na mashirika yanayosaidia. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha limekuwa likishirikiana na wodi ya saratani ya watoto katika matibabu, malazi ya familia zinazotoka mbali na masomo ya watoto. Dawa za saratani za watoto hutolewa pia katika hospitali za Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi, kwa hiyo ulizeni mapema kama baadhi ya dozi zinaweza kutolewa karibu na nyumbani. Kwa upande wa Kenya, mbali na Kenyatta jijini Nairobi, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret huwatibu watoto hawa, na Uganda ina taasisi yake ya saratani, Mulago, tangu mwaka 1967. Msaada mwingine usiohitaji fedha ni damu. Mtoto anayetumia dawa hizi huongezewa damu na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, mara kwa mara, na kundi la waumini au wafanyakazi wenzake baba wanaochangia damu kwa zamu humfaa kuliko ziara nyingi.

Baba asisahauliwe. Mara nyingi yuko mbali akitafuta fedha, habari humfikia zikiwa nusu, na maamuzi makubwa huombwa kwake kwa simu. Apigiwe simu daktari anapopita wodini, asikie mwenyewe.

Wageni wanaofika wanawe mikono, wasije wakiwa na mafua, na wasisimulie habari za mtu waliyemjua aliyekufa kwa ugonjwa kama huu. Wakileta chakula kiwe kimepikwa siku hiyo na kiwe cha moto. Matunda yawe ya kumenya.

Nyumbani kati ya dozi na dozi

Sehemu hii isomwe na kila mtu anayelala nyumba moja na mtoto. Dawa za saratani hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, na kwa mtoto wa namna hiyo homa ni dharura. Nunueni kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, mtoto apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku na hata kama anaonekana mchangamfu. Asipewe panadol kwanza ili waone kama itashuka, kwa sababu homa itashuka na maambukizi yataendelea kusambaa katika damu. Asipewe aspirini kabisa, na asiwekewe dawa wala kipimajoto kwa njia ya haja kubwa. Kwa kuwa kituo cha afya cha karibu kinaweza kumchukulia kama mtoto mwenye malaria, mzazi awe na karatasi kutoka wodini inayosema kwamba mtoto anatumia dawa za saratani na kwamba akiwa na homa anahitaji antibayotiki za kupitia mshipa bila kuchelewa, pamoja na namba ya simu ya wodi. Karatasi hiyo ikae mahali ambapo hata bibi anajua.

Damu isiyokoma puani, kupumua kwa haraka, vidonda vya mdomoni vinavyomfanya ashindwe kunywa, na kukaribiana na mtu mwenye tetekuwanga ni sababu nyingine za kupiga simu au kuondoka mara moja. Mengine yanatisha bila kuwa na hatari kubwa. Doksorubisini, ile dawa nyekundu, huugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili, na hiyo si damu. Vinkristini huleta choo kigumu na wakati mwingine maumivu ya taya. Wodi iarifiwe, na mtoto anywe maji mengi. Anayesafisha matapishi na mkojo katika siku mbili za kwanza baada ya dozi avae glavu.

Kuhusu dawa za asili, nimejifunza kutogombana. Mzazi anayekemewa huendelea kumpa mtoto dawa na kuacha kutuambia. Mwulize kwa upole, mwombe akuonyeshe, kisha umweleze kwamba ini na figo za mtoto tayari zinafanya kazi ya kuondoa dawa kali, na kwamba mizizi na majani yanaweza kuzizidishia mzigo au kuongeza sumu ya dawa yenyewe. Sala, dua na maombi havimdhuru mtoto. Anayepewa kombe au maji ya kuombewa apewe yaliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa, na yasichukue nafasi ya dozi. Shehe au mchungaji anayetamka hadharani kwamba dua na hospitali vinakwenda pamoja huwarudisha kliniki watoto ambao sisi tusingewapata tena.

Waliobaki nyumbani, na shule

Ndugu wa mgonjwa ndio wanaosahauliwa kuliko wote. Wamehamishiwa kwa bibi, mama hayupo, zawadi zote zinakwenda kwa mmoja. Ndugu huyo akianza kukojoa kitandani au kushuka darasani, asichapwe. Aambiwe ukweli uleule unaomfaa kwa umri wake, azungumze na mama kwa simu kila siku kwa saa inayojulikana, na aletwe wodini inaporuhusiwa ili aone kwamba ndugu yake bado ni yuleyule.

Mwalimu anaweza kufanya mambo mawili makubwa. La kwanza ni kutuma kazi za darasa, kwa sababu mtoto mwenye daftari la hesabu kitandani anajua kwamba wenzake wanamtarajia. La pili ni kuzungumza na darasa kabla hajarudi: nywele zilitoka kwa sababu ya dawa, ataruhusiwa kuvaa kofia, na ugonjwa wake hauambukizi. Michezo nayo si anasa. Katika hospitali ya Moi mjini Eldoret kuna kituo cha Sally Test, kilichowekwa mahsusi kwa ajili ya watoto waliolazwa kucheza na kujifunza. Hata pasipo na kituo, mwanasesere wa kitambaa na bomba la sindano lisilo na sindano humwezesha mtoto kumchoma mwingine badala ya kuchomwa yeye, na katika mchezo huo utasikia hofu zake zote.

Maumivu, na pale dawa zinaposhindwa

Mtoto aliyenyamaza na kutotikisika huenda ndiye mwenye maumivu makali kuliko anayelia. Mwonyeshe vidole: ngumi ni kutoumwa, vidole vitano ni maumivu makubwa kabisa, akuonyeshe yuko wapi. Mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, ni halali na salama ikitolewa kwa kipimo cha daktari. Mtoto anayepewa kwa ajili ya maumivu ya saratani hageuki kuwa mraibu, wala kupewa mofini si dalili kwamba anakufa leo. Uganda imeitumia kwa mapana tangu shirika la Hospice Africa lilipoanza kazi Kampala mwaka 1993, nayo huandaliwa hukohuko kwa gharama ndogo. Itolewe kwa saa zake, siyo mpaka mtoto alie, na iambatane na dawa ya kulainisha choo.

Ikiwa daktari atasema kwamba dawa haziwezi tena kuuondoa ugonjwa, familia ina haki ya kuambiwa mapema, wakiwa na muda wa kuchagua kati ya kubaki hospitali na kwenda nyumbani. Wengi hutaka nyumbani, na safari hiyo ni rahisi zaidi, kwa moyo na kwa mfuko, mtoto akiwa bado anaweza kukaa kwenye kiti cha basi mapajani mwa mama yake. Waondoke na mofini ya kutosha, maelezo yaliyoandikwa na namba ya kupiga. Mtoto akiuliza kama atakufa, muulize kwanza anawaza nini. Mara nyingi anataka kujua kama atakuwa peke yake na kama ataumia, na maswali hayo mawili yanajibika.

Baada ya mazishi, asiwepo wa kumwambia mama kwamba atazaa mwingine. Nyumba hujaa watu hadi matanga yaishe, kisha huwa kimya. Nendeni baada ya arobaini, na mlitaje jina la mtoto.

Dozi ya mwisho

Kwa wale wanaomaliza, na wanaongezeka, siku ya dozi ya mwisho huja na hofu ambayo familia haikuitarajia. Kwa miezi au miaka dawa ilikuwa ukuta, na sasa ukuta umeondolewa. Kila homa huwarudisha siku ya kwanza. Hilo ni la kawaida. Waambiwe hivyo, na wapewe tarehe za kliniki za ufuatiliaji kwa maandishi, maana nyingi za saratani hizi zikirudi hurudi katika miaka ya mwanzo. Waulize lini mtoto aendelee na chanjo zilizosimamishwa. Na kabla ya kuondoka wodini, waombe muhtasari wa matibabu wenye jina la ugonjwa, majina ya dawa zote, jumla ya vipimo vyake na mionzi kama ilitumika, kwa kuwa dawa kama doksorubisini inaweza kuugusa moyo miaka mingi baadaye, na daktari atakayempima mtu huyo akiwa na miaka thelathini atahitaji kujua alipewa kiasi gani. Toeni nakala mbili, moja ipigwe picha na kuhifadhiwa kwenye simu ya ndugu, na ile halisi ifungwe kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa.